Megabiti si Megabaiti: Namna ya Kugeuza Kasi za Diski Ngumu za Zamani Kuwa Vipimo vya Leo

Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa sura ni dogo, lakini limewasumbua wengi na kuwatia hasara wengine. Nalo ni namna ya kusoma kasi ya diski ngumu ya kompyuta, hasa zile za zamani, na kuigeuza iwe katika vipimo tunavyovitumia leo.

Huenda mmoja wenu akauliza: sisi wa Karagwe na Kyerwa tuna haja gani na diski za zamani? Haja ipo. Ukizunguka Kayanga, Omurushaka, Nkwenda hadi Murongo, si ajabu kukuta kompyuta iliyotumika kwingine kwa miaka mingi kabla ya kufika hapa. Iko shuleni, iko madrasa, iko katika ofisi ya chama cha ushirika au katika duka la kuchapa barua. Ndani yake mna matokeo ya mitihani, orodha za wanachama, mawaidha yaliyohamishwa kutoka kwenye kanda, na picha za watu waliokwisha kututoka. Vitu hivyo mara nyingi havina nakala nyingine. Siku diski inapoanza kutoa mlio wa kugonga, mtu hana budi kuyahamisha yaliyomo haraka, na swali la kwanza ni hili: kazi itachukua muda gani? Anayekosea kipimo hukosea muda, na anayekosea muda hukatikiwa na umeme katikati ya kazi.

NAMBA BILA KIPIMO HAINA MAANA

Mkulima akikuambia ameuza "kumi", hujajua kitu. Kumi nini? Kilo kumi za maharage, madebe kumi au magunia kumi? Hata gunia nalo si kipimo cha kuaminika, kwani kuna gunia lililoshonwa mdomo na kuna lumbesa. Ndiyo maana mwenye busara huuliza kilo.

Kasi ya diski ni vivyo hivyo. Mwaka 1980 ilitoka diski iliyoandikwa 5. Mwaka 1986 ukatoka utaratibu wa kuunganisha diski uitwao SCSI, nao kasi yake ikatajwa kuwa 5. Namba ni moja, lakini ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza mara nane, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa megabiti 5 kwa sekunde na ya pili ilikuwa megabaiti 5 kwa sekunde. Tofauti hii ndiyo mzizi wa maneno yetu yote ya leo.

BITI NA BAITI

Biti ni chembe ndogo kabisa ya taarifa katika kompyuta. Ni sifuri au moja, basi. Biti nane zikikusanywa pamoja hufanya baiti moja, na baiti moja yatosha kuandikia herufi moja ya kawaida. Neno "Kyerwa" lina herufi 6, kwa hiyo ni baiti 6, yaani biti 48. Neno "Karagwe" lina herufi 7, kwa hiyo ni baiti 7, yaani biti 56.

Kwa maandishi, biti huandikwa kwa b ndogo na baiti kwa B kubwa. Hivyo Mb ni megabiti na MB ni megabaiti. Mkiona Mbps au Mb/s, hiyo ni megabiti kwa sekunde. Mkiona MB/s, hiyo ni megabaiti kwa sekunde. Herufi moja tu ikibadilika ukubwa, hesabu imebadilika mara nane.

Kwa nini pawe na vipimo viwili? Ni kwa sababu ya kazi mbili. Waya wa mawasiliano hupitisha biti moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo mafundi wa mawasiliano wamezoea kuhesabu biti. Diski huhifadhi herufi na mafaili, kwa hiyo wenye diski wamezoea kuhesabu baiti. Ndiyo maana kebo ya SEACOM, iliyofika Dar es Salaam kupitia baharini mwaka 2009, ilitangazwa kuwa na uwezo wa terabiti 1.28 kwa sekunde. Tukigawanya kwa 8 tunapata gigabaiti 160 kwa sekunde. Ni uwezo ule ule, umesemwa kwa lugha mbili.

VIPIMO VYA WAZEE

Kabla baiti ya biti nane haijawa kawaida, kila mtengenezaji alikuwa na kipimo chake. Hapa kwetu Tanzania, kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo diski nyingi za miaka ile wengi wetu tunazijua kwa kuzisoma tu. Hata hivyo tuzitaje chache, kwani ndizo zinazofundisha kugeuza.

Ya kwanza ni IBM 350, diski ngumu ya mwanzo kuuzwa duniani, iliyotoka mwaka 1956 pamoja na kompyuta ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 na ukubwa wa kabati. Kasi yake ilitajwa kuwa herufi 8,800 kwa sekunde. Mwenye haraka atasema ni baiti 8,800. La, asifanye haraka! Herufi ya mashine ile ilikuwa ya biti 6, si 8. Kwa hiyo tunazidisha 8,800 kwa 6, tunapata biti 52,800 kwa sekunde. Kisha tunagawanya kwa 8, tunapata baiti 6,600 kwa sekunde, yaani kilobaiti 6.6. Faili la sauti la megabaiti 3, ambalo leo linahamia kwenye simu kwa kufumba na kufumbua, lingechukua takriban dakika 7 na nusu, na lingejaza sehemu kubwa ya kabati lile.

Ya pili ni RK05 ya kampuni ya DEC, ya miaka ya 1970. Hii haikusema ni kiasi gani kwa sekunde, bali ilisema ni muda gani kwa kila neno: mikrosekunde 11.1. "Neno" hapa si neno la lugha, ni fungu la biti ambalo kompyuta hulishika kwa mara moja. Katika kompyuta ya PDP-11 neno lilikuwa biti 16, sawa na baiti 2. Kipimo kikiwa kimepinduliwa hivi, nasi tunakipindua. Sekunde moja ina mikrosekunde 1,000,000. Tukigawanya kwa 11.1 tunapata maneno 90,090 kwa sekunde. Tukizidisha kwa baiti 2 tunapata baiti 180,180, yaani kama kilobaiti 180 kwa sekunde, au megabiti 1.44 kwa sekunde.

Ya tatu ni ST-506 ya mwaka 1980, iliyotengenezwa na kampuni iliyokuja kuitwa Seagate. Hii ndiyo ile ya megabiti 5 kwa sekunde. Tukigawanya kwa 8 tunapata kilobaiti 625 kwa sekunde.

MAGANDA NA KAHAWA SAFI

Hapa wanafunzi wetu wanaotoka katika nyumba za wakulima watatuelewa upesi kuliko watu wa mjini. Mtu akipeleka kahawa ya maganda kukobolewa, kilo alizopeleka si kilo za kahawa safi anazopata. Maganda yana uzito, lakini hayanywewi. Kasi ya diski nayo ina maganda yake.

Zile biti milioni 5 za ST-506 zilikuwa kasi ya biti zote zilizopita chini ya kichwa cha kusomea, zikiwemo alama za kutenganisha vipande na namba za kuvitambulisha. Taarifa yenyewe ilikuwa kidogo. Diski za aina hiyo katika kompyuta za IBM zilipangwa vipande 17 katika kila duara, kila kipande baiti 512. Basi duara moja lilikuwa na baiti 8,704. Sahani zilizunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde. Zidisha 8,704 kwa 60, unapata baiti 522,240 kwa sekunde. Kilobaiti 625 za maganda zimekuwa kilobaiti 522 za kahawa safi.

Wala haikuishia hapo. Katika IBM XT ya mwaka 1983, kompyuta haikuweza kupokea vipande vyote 17 mfululizo kwa kasi hiyo. Kwa hiyo vilipangwa kwa kurukaruka, na duara moja likahitaji mizunguko 6 kusomwa lote. Gawanya 522 kwa 6, unabaki na kilobaiti 87 kwa sekunde. Aliyesoma karatasi ya diski na kudhani atapata megabaiti 5 kwa sekunde alikuwa amezidisha ukweli mara zaidi ya 57.

Maganda yapo hata katika vifaa vya karibuni. Waya wa SATA, ulioanza mwaka 2003, hutumia biti 10 kubeba baiti moja. Biti 2 za nyongeza ni za kulinda mwendo wa mawimbi. Kwa hiyo SATA ya gigabiti 1.5 kwa sekunde usiigawanye kwa 8, igawanye kwa 10. Utapata megabaiti 150 kwa sekunde. Ya gigabiti 3 ni megabaiti 300, na ya gigabiti 6 ni megabaiti 600.

Tukilijua hili tunaweza kulinganisha nyaya mbili zinazokutana sana katika kompyuta zilizotumika. Waya mpana wa zamani wa ATA uliandikwa 33, 66, 100 au 133, na hizo ni megabaiti kwa sekunde. Waya mwembamba wa SATA wa kwanza uliandikwa 1.5, na hizo ni gigabiti. Asiyejua atasema 133 ni kubwa kuliko 1.5. Anayejua atasema 133 dhidi ya 150, tena zote mbili ni uwezo wa njia tu. Diski ngumu ya zama hizo yenyewe, hata iliyozunguka mara 7,200 kwa dakika, haikuijaza njia hiyo. Barabara pana haiongezi kasi ya baiskeli.

KILO YA ELFU NA KILO YA 1,024

Jambo lingine la kutahadhari ni maana ya kilo na mega. Katika vipimo vya kawaida kilo ni 1,000 na mega ni 1,000,000. Lakini kompyuta huhesabu kwa mbili-mbili, na wataalamu wake wa zamani wakazoea kuita 1,024 kuwa kilo, na 1,048,576 kuwa mega. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme duniani, IEC, liliweka majina mapya ili kuondoa utata: kibibaiti (KiB) kwa baiti 1,024, mebibaiti (MiB) kwa baiti 1,048,576, na gibibaiti (GiB) kwa baiti 1,073,741,824.

Ndiyo sababu ukinunua diski ya gigabaiti 500, kompyuta nyingi hukuonesha 465. Hujaibiwa. Muuzaji amehesabu kwa 1,000 na kompyuta imehesabu kwa 1,024, halafu ikaandika GB palipostahili GiB. Katika kasi, tofauti hii ni kama asilimia 5 kwenye mega na kama asilimia 7 kwenye giga. Si kubwa kama ile ya biti na baiti, lakini karatasi ya zamani ikiandika K tu, tazama kwanza ni K ipi.

KANUNI YA KUGEUZA

Tukikusanya yote tuliyoyataja, kanuni inakuwa na hatua tano:

1. Soma kipimo kabla ya namba. Je, ni biti, baiti, herufi au neno?
2. Kama ni herufi au neno, tafuta lina biti ngapi. Usidhani ni 8.
3. Kama kimetajwa muda kwa kila kitu kimoja, pindua: gawanya sekunde moja kwa muda huo.
4. Geuza yote kuwa biti kwa sekunde, kisha gawanya kwa 8 upate baiti kwa sekunde. Kwa SATA gawanya kwa 10.
5. Ondoa maganda. Jiulize kama namba hiyo ni ya njia, ya sahani, au ya taarifa halisi inayokufikia.

Hatua ya kwanza na ya tano ndizo zinazorukwa sana, na ndizo zinazoleta hasara.

HESABU YA KUOKOA DISKI

Sasa turudi kwenye diski inayogonga. Tuchukulie ina mafaili ya gigabaiti 40, na tunataka kuyahamishia kwenye diski ya nje kwa waya wa USB.

Kompyuta ikiwa ya zamani sana, ina USB 1.1 ya megabiti 12 kwa sekunde. Anayesoma 12 kama megabaiti atagawanya 40,000 kwa 12, atapata sekunde 3,333, ambazo hazifiki saa moja. Ataanza kazi baada ya alasiri akitumaini kumaliza kabla ya magharibi. Kumbe megabiti 12 ni megabaiti 1.5, na kazi ni sekunde 26,667, yaani zaidi ya saa 7. Na kwa kuwa kwa kawaida hupatikana kama megabaiti 1 tu kwa sekunde, kazi itafika saa 11. Katika saa 11 umeme unaweza kukatika mara kadhaa. Kama ni jenereta, mafuta yatakwisha. Na diski mgonjwa ikilazimishwa kuwaka na kuzimika mara nyingi huenda isiamke tena.

Kwenye USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, waya umeandikwa megabiti 480 kwa sekunde. Kwa makosa yale yale mtu atahesabu sekunde 83. Kwa usahihi, 480 gawanya kwa 8 ni megabaiti 60, na kwa kawaida hupatikana kama 30 hivi. Gawanya 40,000 kwa 30, ni sekunde 1,333, yaani kama dakika 22. Hapo ukweli ni huu: itoe diski katika kompyuta ile ya zamani, iunganishe na kompyuta yenye USB 2.0 au mpya zaidi kwa kifaa cha kugeuzia, na kazi ya saa 11 itakuwa ya nusu saa. Hesabu ndogo kama hii ndiyo inayoamua kama orodha za wanachama zitaokoka au zitapotea.

Tunaongeza nasaha mbili. Kwanza, anza na yasiyo na nakala kwingine, yaani kumbukumbu, orodha na sauti. Programu ziache mwisho, kwani zinapatikana tena. Pili, mafaili madogo madogo maelfu huhama polepole kuliko faili moja kubwa lenye uzito ule ule, na diski iliyoanza kuharibika hurudia kusoma pale inapokwama. Kwa hiyo ongeza muda katika makadirio yako, usipunguze.

KASI YA BASI

Ili mjue kwamba kipimo hiki hakichagui njia, tumalizie na basi. Tuchukulie mtu amepanda basi Bukoba kuja Kayanga, mfukoni ana diski ya gigabaiti 500 iliyojaa, na safari imechukua saa 3. Gigabaiti 500 ni megabiti 4,000,000. Saa 3 ni sekunde 10,800. Gawanya: basi limehamisha taarifa kwa kasi ya megabiti 370 kwa sekunde, pamoja na kusimama njiani kupakia ndizi. Si aibu, basi, mzigo mkubwa ukapelekwa kwa basi badala ya intaneti. Aibu ni kutojua kipi kinafika mapema.

MAZOEZI

Yafanyeni kwanza bila kutazama majibu.

1. Diski ya zamani imeandikwa 10 Mb/s. Ni megabaiti ngapi kwa sekunde?
2. Waya wa ATA wa 66 MB/s ni megabiti ngapi kwa sekunde?
3. Mawaidha ya gigabaiti 6 yanahamishwa kutoka kwenye diski kwa 20 MB/s. Yatachukua muda gani?
4. Mawaidha hayo hayo yanashushwa kwa intaneti ya 20 Mb/s. Yatachukua muda gani?
5. Diski ya RK05 ilipofungwa kwenye kompyuta ya PDP-8, neno lilikuwa la biti 12 na muda wake ulikuwa mikrosekunde 8.32. Tafuta kasi yake kwa kilobaiti, kisha ilinganishe na ile ya PDP-11 tuliyoihesabu juu.

Majibu: (1) Megabaiti 1.25. (2) Megabiti 528. (3) Sekunde 300, yaani dakika 5. (4) Sekunde 2,400, yaani dakika 40. (5) Kama kilobaiti 180 kwa sekunde. Ni ile ile, kwa kuwa sahani ilikuwa moja. Kilichobadilika ni ukubwa wa neno tu.

Atakayepata la tano bila msaada ameielewa makala hii yote. Na atakayekosea la tatu na la nne arudi kwenye herufi b na B, kisha ajaribu tena.